Brashi ya Mpini Mrefu

Tulimzika wifi yangu Rispa Jumamosi, na tangu siku hiyo watu wananipa pole nyingi kuliko ninazostahili. Mama Sifa, umepoteza dada, wananiambia, nami naitikia. Ukweli ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini mimi na Rispa tulisalimiana kama watu wawili wanaopishana kwenye daraja jembamba, kwa adabu, kila mmoja akiangalia anapokanyaga. Chini ya hema kule Ndabibi, mke wa mwanangu, ambaye ameolewa juzijuzi na bado ana ujasiri wa kuuliza, aliniinamia sikioni: "Mum, wewe na Aunty Rispa mlikosana nini?" Nikamwambia tulikosana kwa sababu ya brashi ya kunyolea ndevu. Alicheka, na nikamwacha acheke, maana matangani kicheko nacho ni msaada. Kisha akainuka, akaenda kumkumbatia baba mkwe wake, yaani mume wangu, akampangusa machozi kwa kitambaa mbele ya ukoo mzima. Hakuna aliyegeuza shingo. Nilikaa pale nikiwatazama. Nilikuwa na wivu, nisidanganye.

Habari za kwetu na jinsi nilivyoolewa haziwahusu watu, wala si tamu. Nitasema mwaka wenyewe tu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, tumepanga kwenye zile nyumba kuukuu za reli Nakuru, vyumba viwili na jiko la nje, kuta za mawe zinazotoa jasho wakati wa mvua. Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba kwenye visima vya mvuke Olkaria, akija nyumbani kila baada ya wiki mbili na nguo zinazonuka yai viza. Sifa, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa bado wa mgongoni. Januari hiyo, vumbi jeupe la ziwa likiingia hadi kwenye pipa la unga, mume wangu alimleta baba yake. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelegea wote. Mguu aliuburuta, mkono ulining'inia tu, na shavu lilikuwa limeshuka likauvuta mdomo, hata akinywa chai nusu yake inaishia kifuani. Huyu alikuwa gadi wa treni maisha yake yote ya kazi, mtu wa kofia, filimbi na vifungo vinavyong'aa, mtu ambaye wakati mmoja aliichelewesha treni kwa dakika chache, hakuna aliyemwona, akajiandikia ripoti mwenyewe. Watoto wake walikuwa wakiisimulia hadithi hiyo nusu kwa fahari na nusu kwa hasira.

Sasa, kwa ukoo wa mume wangu, mkaza mwana na baba mkwe hawagusani. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina vipimo vyake. Hampeani mkono. Kikombe humpi mkononi, unakiweka mezani, unarudi nyuma, ndipo anakichukua. Kiti alichoinuka hukikalii. Hata maneno hayapiti moja kwa moja. Yanapita kwa mtu wa tatu, na asipokuwepo mtu wa tatu yanatafutiwa njia. Mzee alichagua redio. Ilikuwa redio ya mbao iliyokuwa imeisha betri tangu Krismasi, iko juu ya kabati, naye alikuwa akiigeukia na kuiambia, "Redio, hii uji ya leo haina sukari." Mimi nikiwa mlangoni, hatua mbili kutoka alipo, naliambia birika, "Birika, daktari alikataza sukari." Naye, "Redio, daktari si yeye anakunywa." Siku nyingine nilikuwa nakimbilia jikoni kucheka. Tuliishi hivyo, watu wawili wazima na mtoto mchanga, tukizungumza na vyombo, na nitakubali kwamba nilimpenda mzee yule kwa namna ambayo sikuwa na pa kuiweka.

Jumanne zilikuwa za kliniki. Dada mmoja wa mazoezi hospitalini alimshika mkono ule uliolegea, akaukunja na kuukunjua, akamwambia, nami nikisikia kutoka kwenye benchi la nje, "Mzee wangu, hii miezi sita ndiyo ya huu mkono. Ukiulaza, utalala kabisa." Alienda mara mbili. Jumanne ya tatu alivaa koti, akachukua fimbo, akajitazama kwenye kioo cha ukutani, akalivua koti. Ndevu zilikuwa zimemwota, nyeupe na za kuchoma, na upande ule ulioshuka zilikuwa zimeshika mabaki ya uji. "Redio," akasema, "leo sitoki." Jumanne ya nne hakutoka. Ya tano hakutoka.

Mume wangu alipokuja alimnyoa kwa sabuni ya kuogea na ule wembe wa plastiki wa kutupa, akamkata mara tatu. Nilikuwa jikoni nasonga ugali na mlango uko wazi, nikawasikia wakibishana. "Basi Baba, twende kwa kinyozi," mume wangu alisema. "Kinyozi gani? Huyo wa sokoni? Nikae kwa kiti yake nimwage mate mbele ya watu nilikuwa nawapigia filimbi?" Kisha mzee akaongeza, "Mimi nimejinyoa kila asubuhi, kwa behewa inatingika, sijawahi jikata. Wewe kwa sakafu ya simiti umenichinja." Mume wangu akacheka kicheko kile cha mtu asiyejua la kufanya. "Sasa nani atakunyoa, mimi nikiwa kazini?" Mimi niliendelea kugeuza ugali ambao ulikuwa umeiva zamani. Ndani ya nyumba ile, siku kumi na mbili katika kila kumi na nne, mtu mzima mwenye mikono miwili alikuwa mmoja tu, na wote watatu tulimjua ni nani.

Nikaanza kuutazama mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya paja, vidole vikianza kujikunja kwa ndani, ngozi ikipata rangi ya majivu. Nilikuwa nikiweka kikombe mezani na kuuona, nikirudi nyuma na kuuona. Niliogopa. Niliona kwamba mkono unakufa kwa sababu ya ndevu, na ndevu ziko pale kwa sababu yangu. Siku nilipofagia chumba chake nilikuta ndani ya sanduku lake la safari brashi yake ya zamani ya kunyolea. Ilikuwa imebaki upara, nywele chache zimesimama kama za kuku mgonjwa, na ukiitingisha hizo nazo zinadondoka. Niliishika kwenye mpini wake mfupi, nikaizungusha hewani kama ninayempaka mtu povu, na hapo ndipo wazo lilipokuja. Anayeshika brashi hamgusi mtu. Kati yake na uso kuna mpini na nywele na povu. Nilijiona nimepata mwanya ambao wazee walisahau kuuziba, na nilifurahi kijinga kabisa, nikiwa nimeketi kwenye kitanda chake, jambo ambalo nalo halikuruhusiwa.

Duka la Mzee Salim lilikuwa Bondeni, duka lenye giza na harufu ya ubani na mafuta ya cherehani. Babu zake walitoka pwani, yeye alizaliwa Nakuru na alikuwa na vitu ambavyo kwingine vilikuwa vimekwisha. Vioo vya taa, tambi za stovu, kofia zilizodariziwa, na brashi za kunyolea wakati vinyozi wote wa mjini walikuwa wamehamia kwenye mashine. Alitandaza gazeti juu ya kaunta na kunipangia tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nailoni. "Hii haibebi maji," alisema. "Povu lake linakauka kabla hujafika sikio la pili." Ya pili ilikuwa nene, laini, nywele za kijivu zenye ncha nyeupe. "Hii ni ya mnyama wa Ulaya, anachimba mashimo kama nyegere. Ishike. Bonyeza kwa mkono hapa, karibu na mshipa. Umeona inavyofunguka na kurudi? Vuta unywele. Umeona hautoki? Hii, binti yangu, ukinunua umemaliza." Niliibonyeza, ikanikalia mkononi kama shavu la Sifa. Lakini mpini wake ulikuwa mfupi na mnene, wa kushikwa kwa ncha za vidole, na vidole vyangu vingekuwa upana wa sarafu tu kutoka kwenye uso wa baba mkwe wangu.

Ya tatu hakuigusa. Aliisukuma kwa pembe ya gazeti. "Hiyo ni ya nguruwe. Ilikuja ndani ya katoni na zingine. Ifungue mwenyewe kama dini yako haikukatazi." Nikaona kumbe si mimi peke yangu mle dukani mwenye kitu asichoweza kukigusa. Niliifungua. Nywele zilikuwa ngumu, za rangi ya mchanga, zikinuka zizi. Mpini ulikuwa wa mbao nyekundu, mrefu tangu kifundo cha mkono wangu hadi ncha ya kidole cha kati. Nikasema nitachukua hii. Mzee Salim alivua miwani. "Watu wananunua nywele, wewe wanunua mpini. Unamnyoa nani?" Nikasema mume wangu. "Mume hanyolewi kwa mbali hivyo," akasema, na pembe ya mdomo wake ikacheza. Nilihisi uso ukiniwaka. Nikamwambia nimekuja kununua brashi, sikuja kutoa ungamo. Alicheka, akaifunga kwa gazeti bila kuigusa, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Halafu akasema bila utani, "Iloweshe maji ya moto kila siku juma zima kabla hujaitumia. Ya nguruwe haina adabu mpaka ilowe. Na usiikandamize. Lakini binti, ngozi ya mgonjwa lazima ivutwe ndipo wembe upite. Brashi haivuti ngozi." Hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka, na mtu akishapata anachotaka huwa kiziwi.

Juma zima niliifunza adabu. Asubuhi, Sifa akilala, nilikuwa naiweka kwenye kikombe cha maji ya moto mpaka ile harufu ya zizi ipungue, kisha naizungusha juu ya kipande cha sabuni na kujipaka povu mkononi mwangu mwenyewe, kutoka kiwiko hadi kifundo, naosha, narudia. Siku ya kwanza ilinikwaruza hadi nikatoka mistari. Siku ya tano ncha zilikuwa zimeanza kugawanyika na kulainika. Siku ya saba povu lilikaa nene kama mtindi. Nilijifunza kuishika mwisho kabisa wa mpini, kwa vidole vitatu, kama mtu anayetoa kiazi kwenye mafuta. Mzee alikuwa akisikia maji yakichemka kabla ya wakati wa chai, lakini redio haikuambiwa chochote.

Jumanne ya sita niliweka stuli uani, kwenye jua la asubuhi, nikaning'iniza kioo kwenye msumari wa kamba ya nguo. Nikaweka beseni, sabuni, ile brashi, na wembe wake wa chuma, ule wa kufungua kwa skrubu na kuingiza wembe mpya. Nikaenda mlangoni, nikaliambia birika, "Birika, maji ya kunyolea yako tayari nje." Moyo ulikuwa ukinipiga hadi mgongoni, na Sifa, niliyekuwa nimembeba, akaanza kulia. Mzee alitoka akiburuta mguu. Aliitazama stuli, akamtazama jirani wetu aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta, akaitazama brashi. Aliutazama ule mpini kwa muda. Nadhani alielewa kila kitu, hata safari yangu ya Bondeni. Akaketi, akafumba macho, akainua kidevu.

Nilimpaka povu kwa mkono ulionyooka, nimesimama ubavuni. Mpaka hapo mwanya wangu ulikuwa unafanya kazi. Nikachukua wembe, nikaanza upande mzima wa kushoto, na wembe ukashuka bila shida, ukiacha njia safi ya ngozi nyeusi katikati ya weupe. Nilipovuka kwenda upande wa kulia nikamkumbuka Mzee Salim. Shavu lile lilikuwa limelegea, na wembe ulipogusa, ngozi ilijikunja mbele yake badala ya kunyolewa. Nilijaribu tena, taratibu, na tone la damu likatokea ndani ya povu. Nilisimama na wembe hewani. Kilichotakiwa ni vidole viwili tu juu ya mfupa wa shavu, kuvuta. Vidole viwili. Sikuweza kuvipeleka, na sikuweza kumwacha amenyolewa nusu. Naye, macho yakiwa bado yamefumbwa, akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaupitisha juu ya kichwa hadi upande wa pili, akalishika shavu lake mwenyewe karibu na sikio na kulivuta juu. Nikanyoa. Alikuwa amekaa kama mtu anayezuia kofia isipeperuke, na mimi namzunguka na wembe. Tulipomaliza alivaa koti, akatwaa kofia, akaenda kliniki.

Tuliendelea hivyo kila Jumanne na Ijumaa, mwezi baada ya mwezi. Mume wangu alijua na alijifanya hajui, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ndani ya ndoa yetu miaka ile. Nilikuwa naamka siku hizo nikisikiliza lango. Lakini mkono ulianza kuamka. Mwezi wa tano aliweza kuinua kidole gumba. Mwezi wa sita, nikichambua maharagwe uani, nilimwona akijaribu kuokota punje moja kutoka kwenye ungo niliouacha. Ikamponyoka, akajaribu tena, ikamponyoka. Niliingia jikoni ili asione kwamba nimeona. Mwezi wa saba alikishika kikombe kwa mikono yote miwili na kukifikisha mdomoni, na akaiambia redio, "Redio, leo chai ni tamu." Haikuwa na sukari hata chembe.

Agosti kulikuwa na baridi ile ya Nakuru inayoshuka kutoka Menengai na kukaa mifupani. Jumanne moja nilikuwa nimefika chini ya taya, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na mshipa unaonekana ukipiga. Yeye alikuwa amejivuta shavu kama kawaida. Kikohozi kikamjia ghafla. Mkono wake ukaachia, kichwa kikaja mbele, koo likija juu ya wembe. Sikufikiri. Mkono wangu wa kushoto ulitoka wenyewe, ukamshika kidevu, ukamsukuma kichwa nyuma, nikakishikilia mpaka kikohozi kikaisha. Kidevu chake kilikuwa cha moto na chenye utelezi wa povu, na nilihisi meno yake yakigongana ndani. Nilipoinua macho, Rispa alikuwa amesimama kwenye lango na kabichi mbili mkononi. Alikuwa ametoka Ndabibi na gari la kwanza la maziwa ili kutushtukiza kwa furaha.

"Mama Sifa," alisema. "Umemshika Baba." Hakupaza sauti. Ningependelea angepiga kelele. Aliziweka kabichi chini pale pale langoni, akaondoka. Nilijua anakokwenda, kwenye simu ya posta, kumwita baba mdogo, ndugu ya mzee, kutoka Bungoma.

Walikaa Jumapili baada ya kanisa. Nilipika kuku na ugali kwa ajili ya watu waliokuja kunihukumu, na nilihakikisha kuku ana chumvi ya kutosha, maana sikutaka waongeze na hilo. Baadaye nilikaa jikoni na mlango uko wazi kidogo. Sauti ya Rispa ilikuja kwanza. "Mimi sisemi kwa ubaya. Baba mkwe wangu alikufa mbele yangu akiitisha maji. Niliweka kikombe kwa stuli nikarudi nyuma vile nilifunzwa, na mkono wake haikufika. Niliona ikikosa kufika. Nilitii. Huyu ni nani asitii?" Siku hiyo nilimchukia kwa maneno hayo. Leo, nikiwa mzee, nayafikiria na kutaka kumfunika shuka mabegani. Baba mdogo akasema, "Kama ni mke ya kijana alimgusa mzee, arudi kwao, tutaitana na wazazi wake. Mtoto anabaki." Mume wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Na kama ni Baba ndiye alimgusa?" "Basi yeye ndiye hawezi lala chini ya hii paa. Tunarudi na yeye nyumbani." Mume wangu akakohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote. Nilimshika Sifa kwa nguvu hadi akalia.

Waliniita. Nilisimama karibu na mlango, nimeshika mtoto. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amenyolewa vizuri. Nilikuwa nimemnyoa Ijumaa, Rispa, aliyebaki Nakuru kumsubiri baba mdogo, akiwa kwa jirani, na hakuna aliyetuuliza. Baba mdogo akasema, "Mkubwa wangu aseme kwanza." Mzee aliigeukia redio. Nadhani ilikuwa mazoea tu. Halafu aliiacha, akawageukia watu, akapangusa mdomo. Maneno yake yalikuwa bado mazito, ilibidi usubiri kila moja lifike. "Yeye hakunishika," alisema. "Nilikuwa naanguka. Mimi ndiye nilishika mkono yake." Rispa akaruka. "Baba, niliona na macho yangu!" Mzee akamtazama kwa upole ambao sijausahau. "Uliona mkono. Hukuona nani alianza."

Mtu aliyejiandikia ripoti kwa ajili ya dakika chache za treni. Chumba kizima kilimjua. Ndiyo maana chumba kizima kilimwamini.

Baba mdogo akanigeukia. "Mama Sifa, ndivyo ilikuwa?" Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno lilikuwa tayari. Nikisema hapana, jioni hiyo ningekuwa njiani kwenda kwetu mikono mitupu, na Sifa, ambaye alikuwa bado ananyonya, angebaki. Nikisema ndiyo, mzee angerudishwa kwenye nyumba iliyofungwa tangu mke wake afe, mbali na yule dada wa mazoezi, mkono ukiwa umejifunza nusu tu. Nilimtazama. Hakunitazama. Alikuwa ameangalia sakafu, kama mtu aliyetoa kitu na hataki kukaa akisubiri kushukuriwa. Nikasema, "Ndiyo. Ndivyo ilikuwa." Rispa ndiye peke yake aliyeniangalia usoni nilipolitamka, na alijua. Hakunichukia kwa sababu nilimshika baba yake; nina hakika hilo angelisamehe kabla ya Krismasi. Alinichukia kwa ile ndiyo. Na mimi sikuwahi kupata la kujitetea, kwa sababu hata sasa, ningerudishwa mlangoni pale na mtoto mikononi, ningeisema tena, na ningeichukia tena.

Walimchukua Jumanne, siku ya kliniki. Baba mdogo alibeba sanduku, Rispa alitangulia kufungua lango, mume wangu alikuwa amepata ruhusa ya kuwasindikiza mpaka kituo cha basi. Nilisimama mlangoni, hatua tatu nyuma, mahali pa mkaza mwana. Mzee alifika langoni, akasimama. Kisha akageuka na kurudi, akiburuta mguu katika ua wote ule, hadi mbele yangu. Hakuiita redio wala birika. "Mama Sifa," alisema, mara ya kwanza tangu niolewe. Nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Nikaona mkono wake wa kulia ukianza kupanda. Haukupanda kwa haraka. Ulitetemeka usawa wa paja, ukapumzika, ukapanda tena hadi kiunoni, na jasho likamtoka mzee kwenye paji la uso katika baridi ile. Baba mdogo aliita kutoka langoni kwamba basi litawaacha. Hakugeuka.

"Kosa ni yangu tayari," alisema. "Nipe mkono."

Nikampa. Vile vidole ambavyo Januari havikuweza kukunjuka vilifunga juu ya vyangu, kimoja kimoja, vikanibana mpaka nikasikia maumivu.